Fundi mpya amepunguza kasi, nifanye nini?

Dada yangu, umesema kijana wako mpya wa cherehani alikuwa anamaliza mashati 12 kwa siku, na sasa kashuka hadi 8 kama wenzake, na hata bonasi haikusaidia. Sidhani ni mvivu. Kaambiwa na wenzake apunguze.

Na si lazima kwa maneno. Mguno tu, au "endelea, bosi atakununulia gari", au chai kumiminwa vikombe vyote ila chake. Ni mambo ya zamani haya. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, watafiti waliwatazama wanaume 14 wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu mwaka 1931 na 1932. Aliyezidisha kasi alitandikwa ngumi kwenye mkono na wenzake, kwa utani eti. Mzembe naye alisemwa. Hofu yao: tukizalisha zaidi, bei ya kazi itashushwa.

Basi anzia hapo hapo. Waambie wote kwamba bei kwa shati haishuki, iandike ukutani. Acha kumsifu kijana mbele yao, unamchongea bila kujua.

Halafu kabla ya kukabidhi mzigo, wabadilishane mashati wakague kola na tundu za vifungo, kasoro aambiwe aliyeshona, siyo wewe. Ikipitia kwako inageuka umbea. Shati la kwanza kukaguliwa liwe la fundi wako mkongwe kuliko wote, na anayelikagua awe kijana. Ongea na mzee faragha kwanza, lakini.