Maswali yenu: kusafiri na kupasha mwili kabla ya mbio ndefu za ramani na dira

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi na wenzangu tumejisajili orientiringi ya masafa marefu (zile mbio za kutafuta vituo msituni kwa ramani na dira), mbio ni Jumamosi na huko hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mmoja anasema tufike Ijumaa jioni tulale, asubuhi tukimbie tuondoke. Mwingine anataka twende wiki nzima kabla, tuukague ule msitu hadi tuujue. Nani yuko sawa? Halafu kuna hoteli iko pembeni kabisa ya msitu na bei yake ndo nafuu kuliko zote, tuichukue?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliye sawa hapo, ila huyo wa wiki nzima ndo atawaponza. Eneo la mashindano huwa linafungwa, mara nyingi miezi mingi kabla, na wakikudaka unazurura humo unaondolewa hata kama umeshalipa. Ni haki kabisa, maana mchezo wenyewe ni kuchagua njia hapo hapo huku unakimbia, sasa aliyeujua msitu kabla anakuwa kashawaibia wenzake dakika. Kwa hiyo hoteli msilipe kwanza, someni taarifa ya waandaaji, humo wanaonyesha mipaka ya eneo lililofungwa na hiyo hoteli yenu ya bei nafuu inawezekana iko ndani yake. Kuna waandaaji wanaruhusu kupita barabara kuu tu na kuna wanaokataa hata hiyo, waulizeni.

Mnachotakiwa kutafuta ni msitu MWINGINE unaofanana na ule. Waandaaji wengi wanauza ramani za mazoezi za maeneo ya jirani, na mashindano makubwa yanakuwa na siku ya majaribio kabisa, mnakuta vituo vimeshawekwa na ile bendera ya chungwa na nyeupe na ramani imechorwa kwa mtindo uleule mtakaoukuta siku yenyewe. Hiyo msiikose kwa sababu yoyote, kwangu mimi ina thamani kuliko mwezi mzima wa kukimbia barabarani.

Kama mfuko unaruhusu fikeni Jumatano. Alhamisi ingieni msituni polepole, hata kutembea ruksa, simameni kila mara mlinganishe karatasi na macho. Kwenye ramani zetu nyeupe ni msitu unaokimbilika na kijani kikizidi kukolea ndo vichaka vinazidi kukuzuia, hilo mnalijua, lakini kijani cha kati cha huko kinapitika au kinachana miguu? Kontua moja ya mita 5 (ile mistari ya kuonyesha mwinuko kwenye ramani) inakuwa mlima wa kuukwepa au kibonde ambacho hata hukioni? Hayo hakuna kocha atakayekwambia ukiwa nyumbani.

Na skeli! Mbio ndefu kawaida ni 1:15,000, yaani sentimita moja ya ramani ni mita 150 za msitu (baadhi ya kategoria, hasa za umri mkubwa, hupewa 1:10,000, angalieni yenu). Mliozoea 1:10,000 mtaona sentimita mbili kichwa kiseme mita 200 kumbe ni 300, mnaanza kutafuta kituo mapema, mnazunguka zunguka kwenye vichaka mita mia nzima kabla ya pale kilipo. Ijumaa ni nusu saa nyepesi, vituo vichache, basi mkalale. Mazoezi magumu yameshaisha hapo, wiki mbili za mwisho punguzeni wingi kama nusu hivi ila bakisheni vipande vifupi vya kasi ili miguu isisahau. Mkivuka majira ya saa ongezeni siku za kufika mapema, makadirio ya kawaida ni siku moja kwa kila saa ya tofauti.

SWALI: Natoka nusu ya kusini ya dunia naenda kukimbia kaskazini. Jamaa kaniambia dira yangu haitafanya kazi huko, ananitania au?

JIBU: Hakutanii kaka. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti kwa usawa tu, inavuta na kwenda chini, na pembe yake inabadilika kadiri unavyosogea kaskazini au kusini, ndo maana watengenezaji wanasawazisha sindano kwa kanda. Ya kusini ukiipeleka mbali kaskazini ncha inainama, inakwaruza kibati cha chini na kuganda, na wewe unakimbia hujui kama imeganda. Azima au nunua ya huko, au tafuta yenye sindano ya dunia nzima. Na tafadhali dira usiiweke mfuko mmoja na simu, sumaku ya simu inaweza kuigeuza sindano ikaelekeza kusini. Viatu na dira viwe begi la mkononi, begi kubwa likipotea fulana utaazima ila viatu vilivyozoea mguu wako hutapata. Kama vina meno ya chuma liulize shirika la ndege kwanza.

SWALI: Kocha nipashe muda gani? Naogopa nisichoke kabla sijaanza.

JIBU: Inategemea sehemu ya kuanzia iko wapi, soma kwenye taarifa, kutoka uwanjani inaweza kuwa hata kilomita mbili na za kupanda, hapo kutembea kwenyewe kumeshakupasha. Ukifika ongeza dakika kumi hivi za kukimbia taratibu, rusha miguu, vipande viwili vitatu vya haraka, tosha. Mbio ndefu dada utapata muda mwingi wa kuchemka mle ndani. Cha kupasha kweli ni kichwa: beba ramani yoyote ya zamani, kimbia huku unaisoma na kuigeuza ielekee kaskazini, kwa sababu kituo cha kwanza ndo kinachokula watu, mtu katoka na kasi kabla hajaizoea ramani. Chipu yako (kile kifaa kidogo kinachorekodi vituo ulivyopita) futa na hakiki kabla ya kuitwa, maana wanaita dakika kadhaa kabla ya muda wako wa kuanza na ramani unaigusa muda wako ukifika tu. Koti usilivue mapema, waandaaji wengi wanarudisha nguo uwanjani, iandikie jina tu.