Kempi na watoto halafu mvua ishuke: maswali yenu

Tunapeleka watoto msitu wa Kakamega Agosti shule zikifungwa, naambiwa huko mvua ni kila jioni. Watakaa kwa hema wakifanya nini? – Mama wa watatu, Kisumu

Dadangu, umeambiwa ukweli. Tembeeni asubuhi, ikifika saa nane muwe mmesharudi. Halafu beba visoda, waya laini na fungu la katani. Visoda vitoboe nyumbani na msumari kabla hamjatoka, ukingoja ufike huko utapiga nyundo juu ya godoro la wenyewe. Watoto wanavitunga kwa waya, wanakunja duara, hiyo ni njuga tayari, na kelele utazizoea tu.

Katani ndio tamu zaidi. Chukua nyuzi kama kumi, zilowanishe kidogo, funga fundo upande mmoja ukalie hilo fundo, gawa mafungu mawili, kila fungu unalisokota kuelekea kulia halafu unayapishanisha kuelekea kushoto, na kwa sababu yanavutana hiyo kamba haifunguki hata ukiiachilia. Wangu wa miaka sita alisokotea kwa paja kama alivyoona nyanyake akifanya, akajikuna mpaka usiku, kwa hivyo mvalishe suruali ndefu. Kesho yake tulianika nguo mbichi kwa kamba yake na hakuna mtu alipumua, kila mgeni lazima aonyeshwe.

Kitu moja, usibebe chupa za plastiki eti za kutengeneza magari. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa.

Radi ikianza tukiwa Menengai tukae kwa hema ama tukimbilie gari? Na ni kweli nguo nyekundu huita radi? – Baba mapacha, Section 58, Nakuru

Gari, bila kufikiria mara mbili, bora liwe na paa la chuma na madirisha yamefungwa. Watu husema ni mpira wa magurudumu unaokinga, sio, ni ile bodi ya chuma inapitisha umeme nje yenu mpaka chini. Hema halikingi chochote, na mti ulio peke yake ni mbaya kuliko hema. Kule juu ukingoni mwa lile shimo la volkano ndio msisimame kabisa.

Wafundishe mapacha kuhesabu. Ukiona mwanga anza moja, mbili, tatu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikiwa chini ya thelathini ingieni garini, na msitoke mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo hata kama jua limetoka, hapo ndipo wengi huponzwa. Nguo nyekundu nazo hazina makosa, vaeni tu.

Usiku baridi ni kali, naweza kuingiza jiko la makaa kwa hema dakika kumi tu? – Msomaji, Njoro

Hapana. Hata dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Mimi niliwahi kuliweka hapo mlangoni, nikajiambia si ndani, kijana akalalamika kichwa kinamgonga na mimi pia changu kilikuwa kizito, tukatoka nje tukakaa kwa baridi. Chemsha maji, tia kwa chupa ya kupashia joto, funga na taulo, weka miguuni.

Tumeona mchanga mzuri tambarare kwa kijito kilichokauka, tupige hema hapo? – Wa Kisumu tena

Huo mchanga uliletwa na maji mama, na maji yatarudi. Inaweza kunyesha mbali milimani, kwenu jua linawaka, na mafuriko yakawafikia. Kwa mbuga ya Hell's Gate Septemba 2019 watu walikufa korongoni hivyo hivyo. Pandeni juu, hata kama kuna mawe.