Mvinyo uliokausha ulimi ndani ya ndege: umeharibika au la?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Nilipanda ndege pale uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Ulaya kumwona mwanangu. Wakati wa chakula nikapewa chupa ndogo ya mvinyo mwekundu, Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini, chapa ileile ninayonunua hapa mjini. Ulikuwa mchachu, mkali, unakausha ulimi. Mhudumu akasema hauna tatizo. Je, nilipewa mvinyo ulioharibika? Naweza kudai fidia?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nafundisha wahudumu wa hoteli hapa Arusha kazi ya mvinyo, na kwa ulivyoeleza, naamini chupa ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni pua na ulimi wako.

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hulingana na ya mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, kama vile umeketi mahali kati ya lango la Marangu na kibanda cha Mandara kwenye njia ya kupanda Kilimanjaro. Mwinuko wenyewe hufifisha harufu kidogo, ila msitu wa Marangu una unyevu na pua haikauki. Lakini ndani ya ndege unyevu wa hewa mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Pua hukauka, na sehemu kubwa ya ladha ya mvinyo ni harufu. Harufu ya matunda ikififia, hubaki uchachu na ukakasi wa tanini, kile kikausha ulimi kitokacho kwenye maganda ya zabibu, ileile unayoionja kwenye chai ya rangi iliyokaa mno na majani. Cabernet ina tanini nyingi kwa asili yake, ndiyo maana ilikuchoma.

Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, kwa kazi iliyopewa na shirika la ndege la Lufthansa, iliwaonjesha watu vyakula ndani ya kipande cha ndege kilichopunguzwa mgandamizo na kukaushwa hewa. Chumvi na sukari zote zilionekana pungufu. Kelele za injini nazo hupunguza utamu mdomoni. Na mvinyo mwekundu ukitoka kwenye baridi, ukakasi huzidi. Ushike glasi kwa viganja dakika chache kabla ya kunywa.

Mvinyo ulioharibika kweli una dalili zake. Ukinuka siki, au karatasi ya boksi iliyolowa maji, au mwekundu ukigeuka rangi ya kahawia na kupooza, usinywe. Pua iliyokauka ikiweza kunasa harufu hizo, ujue ubovu ni mkubwa. Hapo mhudumu anapaswa kukubadilishia bila ubishi, na akikataa una haki ya kulalamika ukitaja jina la mvinyo, mwaka ulio kwenye lebo na namba ya safari. Nawasihi wahudumu ninaowafundisha: abiria akilalamika, nusa kwanza ndipo ujibu. Huyo wako alikujibu haraka mno.

Fidia ya pesa kwa ladha tu sioni kama utaipata, mwalimu, na nisingependa uhangaike nayo. Safari ijayo kunywa maji kwanza, kisha omba mvinyo wenye harufu nyingi ya matunda na tanini laini, kama mwekundu wa Merlot, au mweupe usio mchachu sana. Onja kidogo, na kama haufai, sema wakati glasi bado imejaa.