Je, mjusi wa Tendaguru aliishi katika dunia ndogo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, hapa Lindi. Katika simu ya kaka yangu nimetazama video inayodai kwamba mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa, asingeweza kuubeba uzito wake katika dunia ya leo. Kwamba zama zake dunia ilikuwa ndogo na uvutano wake hafifu, kisha ikavimba hadi mabara yakaachana. Msemaji anasema wanasayansi wanaikataa nadharia hiyo kama walivyomkataa Alfred Wegener, aliyesema kwamba mabara huhama, ambaye baadaye alionekana kuwa sahihi. Je, nimwamini?

JIBU: Marahaba. Nadharia hiyo haikuzaliwa mtandaoni. Mjerumani Ott Hilgenberg aliiandikia kitabu mwaka 1933, na Samuel Warren Carey, profesa wa jiolojia huko Tasmania, aliyetetea kuhama kwa mabara wakati wenzake wengi wakikubeza, aliishikilia hadi uzeeni. Inastahili basi kujibiwa kwa hoja, si kwa kicheko.

Tuanze na mjusi mwenyewe. Mifupa yake ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913 na msafara wa makumbusho ya Berlin, ingawa kazi ya kuchimba na kubeba mizigo hadi bandari ya Lindi ilifanywa na mamia ya Waafrika chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Mwaka 1962 mtaalamu wa visukuku Edwin Colbert alikadiria kwamba mnyama huyo alikuwa na tani 78. Mwaka 2009 mtaalamu mwenzake, Michael Taylor, alipata tani 23 hivi kwa mnyama yuleyule, kwa sababu umbo lake lilikuwa limechorwa upya likiwa jembamba zaidi, na hewa iliyojaa ndani ya pingili za uti wa mgongo wake, kama ilivyo kwa ndege, ikatiliwa maanani. Tani 23 ni kama tembo dume wanne, zikibebwa na miguu iliyosimama wima kama nguzo. Hakuna haja ya kuipunguza dunia ili asimame.

Hata tukiipunguza, hesabu inamgeukia msemaji. Nguvu ya uvutano juu ya uso wa dunia hutegemea tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo, na mraba wa umbali kutoka kitovu. Ukiibana dunia hiihii, bila kuipunguzia tungamo, hadi nusu kipenyo chake kiwe asilimia 60 ya cha leo, uvutano hauwi hafifu bali unaongezeka karibu mara tatu, na mjusi anaelemewa zaidi. Ili uvutano uwe mdogo, sehemu kubwa ya tungamo la dunia ingelazimika kuongezwa baadaye, na watetezi wa nadharia hawajaonyesha ilitoka wapi.

Kuna pia upimaji. Kutoka asilimia 60 hadi kilomita 6,371 za sasa katika miaka milioni 200, nusu kipenyo kingehitaji kukua kwa milimita 12 au 13 kila mwaka. Mwaka 2011 watafiti wa NASA, wakitumia setilaiti na vituo vya ardhini, walipata wastani wa badiliko la milimita 0.1 kwa mwaka, kiasi ambacho hakizidi kosa la vipimo vyenyewe. Isitoshe, sakafu ya bahari haizaliwi tu, bali pia huzama chini ya mabamba mengine, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, kwa hiyo sakafu mpya haihitaji dunia ivimbe. Mahali pamojawapo inapozama ni karibu na Sumatra, ambako tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 lilisukuma mawimbi hadi pwani yetu ya Tanzania.

Sasa Wegener, kwani hapo ndipo video ilipokuvuta. Alitoa hoja yake mwaka 1912, na mambo mawili yalichanganyika ndani yake: ushahidi mzuri wa miamba na visukuku vinavyofanana ng'ambo za bahari, na maelezo dhaifu kuhusu nguvu inayosukuma mabara. Waliosema kwamba nguvu alizozitaja ni ndogo mno walikuwa sahihi. Alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kukubaliwa, na kilichomrudisha katika miaka ya 1960 hakikuwa huruma kwa mtu aliyekataliwa. Ni mistari ya usumaku katika sakafu ya bahari, pamoja na ramani za matetemeko. Nadharia ya dunia inayovimba ilikuwapo wakati huohuo, ikapimwa kwa ushahidi uleule, ikashindwa. Msemaji wako amelitumia jina la Wegener na kuuacha ushahidi uliomwokoa.

Kabla ya kubishana na kaka yako, iandike kanuni ya uvutano ya Newton, weka nusu kipenyo cha kilomita 3,800 badala ya 6,371, umwonyeshe namba itakayotoka, kisha umuulize mjusi angewezaje kuinua shingo.