Maswali ya Hesabu: Mraba wa kutafutia uwezekano

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu amepewa swali hili: uwezekano wa mvua kunyesha asubuhi ni 0.4, na wa feri ya Likoni kuchelewa ni 0.3. Kuna uwezekano gani wa angalau moja kutokea? Alijumlisha akapata 0.7, akakosolewa. Jibu la kitabu ni 0.58. Hiyo 0.12 imekwenda wapi? – Mama, Kisauni

JIBU: Haikupotea, mama, imehesabiwa mara mbili. Mpe karatasi ya vimraba achore mraba wa 10 kwa 10. Vimraba vyote 100 ndio 1, yaani kila linaloweza kutokea limo humo. Atie penseli safu wima 4 za kushoto: hiyo ni mvua. Kisha atie rangi nyingine safu mlalo 3 za juu: feri imechelewa. Kwenye kona ya juu kushoto kuna vimraba 4 × 3 = 12 vyenye alama zote mbili. Hivyo vimo katika 40 za mvua na vimo tena katika 30 za feri. Akihesabu vyenye alama yoyote kimoja kimoja, atapata 58. Vyeupe ni 6 × 7 = 42, na kwa maswali ya "angalau moja" njia nyepesi ni kuanza na vyeupe, kisha kutoa kwenye 100.

Tuongeze jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Mstari wa feri umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta kwa sababu swali limechukulia kuwa mvua haina athari kwa feri. Anayevuka Likoni kila siku ana haki ya kulitilia shaka hilo. Tuseme swali lingetoa 0.5 ya kuchelewa mvua ikinyesha, na 0.2 isiponyesha. Hapo mstari unavunjika kwenye mpaka wa mvua: katika zile safu wima 4 tia rangi vimraba 5 kwenda chini, katika 6 zilizobaki tia 2. Kuchelewa kwa jumla ni 20 + 12 = 32, na angalau moja ni 40 + 12 = 52. Unaweza hata kuuliza kinyume: feri ikiwa imechelewa, je, mvua inanyesha? Tazama vyenye rangi ya feri tu: 20 kati ya 32, yaani 5/8. Muhimu ni kuanza kugawa kwa tukio lililotolewa bila sharti, hapa mvua. Ukianza na feri hutajua mstari uupitishe wapi.

SWALI: Kapuni mna maembe 10, 3 ni mabovu. Nachukua mawili bila kurudisha. Kwa mraba napata 49/100 kuwa yote ni mazima, mwalimu anasema 7/15. – Mwanafunzi, Changamwe

JIBU: Mraba wako ni wa kurudisha. Yape maembe nambari, mazima yawe 1 hadi 7. Juu andika embe la kwanza, ubavuni la pili. Kimraba cha 4 na 4 kinasema umelichukua embe nambari 4 mara mbili, jambo lisilowezekana. Kwa hivyo kata ulalo wote, yaani mstari wa kona hadi kona wenye vimraba vya 1 na 1, 2 na 2, hadi 10 na 10: vimraba 10 vinatoka, vinabaki 90. Katika fungu la mazima, 7 kati ya 49 viko kwenye ulalo, vinabaki 42. Basi 42/90 = 7/15. Wengi hutoa zile 7 juu wakasahau kuwa chini nako sasa ni 90. Jihakiki: zima moja na bovu moja ni 21 + 21, mabovu mawili ni 9 − 3 = 6, na 42 + 42 + 6 ni 90.

SWALI: Marafiki wawili wanafika bustani ya Mama Ngina wakati wowote kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na kila mmoja hungoja dakika 15 tu. Watakutana? – Msomaji, Tudor

JIBU: Hapa hakuna vimraba vya kuhesabu, ni eneo lenyewe. Kila upande uwe dakika 60, wa chini wa rafiki mmoja, wa kushoto wa mwenzake. Toka dakika ya 15 ya kila upande, chora mstari sambamba na ulalo. Katikati ya mistari ndipo wanapokutana; nje yake zinabaki pembetatu mbili ambazo ukiziunganisha ni mraba wa 45 × 45 = 2,025. Toa kwenye 3,600, zinabaki 1,575, sawa na 7/16, mradi kila dakika ya kufika ina nafasi sawa na nyingine. Wakikubali kungojana nusu saa, pembetatu zinapungua hadi 30 kwa 30, na jibu linapanda hadi 3/4.