Breki mpya, mluzi mpya: Hilux ya 1994 inalia tangu ibadilishwe pedi

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1994, dabo kebini, 4x4, injini aina ya 3L. Natoa nayo viazi shambani huku Njombe kupeleka Makambako. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha pedi za mbele na breki shuu za nyuma, zote mpya. Tangu siku hiyo mbele inapiga mluzi nikikanyaga breki kidogo, ila nikikanyaga sana inanyamaza. Nyuma inakoroma asubuhi. Halafu nikirudi rivasi na kushika breki, inagonga "ko!" mara moja, kisha nikienda mbele "ko!" tena. Kabla ya hapo haikuwa na kelele yoyote. Fundi aliyefunga aliniambia nisiwe na wasiwasi, zitazoea. Kwa kweli zimezoea, zimezoea kulia. Sasa ananishauri ninunue diski mpya mbili. Ninunue?

Jibu: Ndugu yangu, usitoe hela ya diski bado. Umenieleza kelele tatu, na kila moja ina mzizi wake. Umefanya vizuri kuzitenganisha, maana wengi huniletea gari na neno moja tu, "inalia", tukapoteza asubuhi nzima kuzunguka mtaani tukiisikiliza.

Kabla ya yote, chukua spana ya magurudumu ukaze nati zote za tairi nne. Gari limetoka kuvuliwa magurudumu, na nati iliyolegea hugonga vilevile kama breki mbovu. Ni kazi ya dakika tano.

Tuanze na mluzi. Mluzi unaotoka ukikanyaga kidogo na kupotea ukikanyaga sana ni mtetemo. Pedi inanata kwenye diski na kuachia, inanata na kuachia, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na diski inaupaza mlio huo kama kengele. Ukikandamiza kwa nguvu, pedi inabanwa na haina tena nafasi ya kutetemeka. Chuma kikisaga chuma mambo huwa kinyume: kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyokwaruza zaidi, na unaisikia mpaka kwenye nyayo.

Kwenye Hilux ya 4x4 ya miaka hiyo, kalipa ya mbele, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imefungwa imara na ina pistoni nne, mbili kila upande. Haitelezi kwenye pini kama kalipa za magari mengi madogo. Kwa hiyo ukiambiwa "pini za kalipa zimeganda, tuzipake grisi", huyo anaongelea gari jingine. Pini zilizopo kwako ni zile mbili zinazopita katikati ya pedi kuzishikilia, na juu yake hukaa springi nyembamba ya waya. Nyuma ya kila pedi, kati yake na pistoni, panatakiwa kuwe na vibati vyembamba vya chuma. Kazi yake ni kuua ule mtetemo.

Hapo ndipo ninapomshuku fundi wako. Vibati vya zamani huwa vimegandana na pedi kuukuu, na pedi kuukuu hutupwa. Pedi za bei ya chini mara nyingi huja bila vibati vyake. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nikijifunza kazi nilitupa springi na vibati vya magari mengi tu, nikaviona takataka za kiwandani, na wenye magari wakarudi wakilalamika. Niliwajibu vilevile, kwamba zitazoea. Kwa hiyo nenda kamuulize kwa upole: vya zamani viko wapi? Akikuna kichwa, umeshapata nusu ya jibu. Vibati na springi huuzwa kama seti, na ni rahisi mno ukilinganisha na diski mbili.

Kuna kitu kingine cha kutazama hapohapo. Pedi zingine zina kiulimi cha chuma cha kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha. Kikipinda wakati wa kufunga, kitaikwaruza diski hata pedi ikiwa mpya kabisa. Dalili yake ni kwamba inalia hata mguu wako haupo kwenye breki. Kile kibamba cha kuzuia vumbi nyuma ya diski nacho ni hivyo hivyo: kikigongwa kidogo kinagusa, au kinashika kokoto ya barabara ya vumbi. Kwako mluzi unakuja na kukanyaga tu, kwa hiyo hapa tazama kwa jicho kisha endelea.

Ukivua magurudumu ya mbele (gari likae kwenye stendi, usiingie chini ya jeki peke yake), chomoa zile pini mbili uzisugue kwa brashi ya waya. Zikiwa na vijishimo badilisha, kwa sababu pedi hukwama hapo. Pedi iteleze kwa mkono bila kulazimishwa. Kisha rudisha pedi na pini mahali pake, mwambie mtu akanyage breki taratibu huku ukitazama pistoni zote nne. Pistoni moja ikigoma kurudi, pedi ya upande huo inaburuzwa muda wote, inapata moto, uso wake unakuwa kama kioo, na kioo hulia.

Diski yenyewe ipime unene kwa venia, kile kipimo cha chuma cha kubana. Kikomo cha unene kimeandikwa kwenye diski, kwa hiyo futa kutu utakisoma. Ikiwa bado iko juu ya kikomo na haina mifereji wala haitetemeshi usukani, haina kosa. Ipige msasa namba 120 kwa mizunguko ya kupishana mpaka ule mng'ao uondoke, fanya hivyo hivyo kwenye uso wa pedi, na ule ukingo mkali wa pedi upunguze kwa tupa milimita mbili hivi. Osha diski kwa maji ya sabuni, kausha. Paka grisi maalumu ya breki, ile ya kuvumilia joto, kidogo sana nyuma ya pedi na pembeni zinapotelezea. Grisi ya beringi iache, itayeyuka na kuua mpira wa pistoni. Na atakayekushauri unyunyizie dizeli ili inyamaze, mkimbie. Itanyamaza kweli, lakini na breki nayo itakuwa imeondoka.

Baada ya hapo zifundishe. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, fika kilomita 60 kwa saa, shika breki kwa uthabiti mpaka kama 10, achia, ongeza tena mwendo. Fanya mara kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Hii inapaka tabaka jembamba la pedi kwenye diski, na tabaka hilo ndilo linalofanya vitu viwili vigeni vipatane. Nadhani hakuna aliyekufanyia hivyo. Ulipewa ufunguo, ukaenda kupakia viazi.

Sasa nyuma. Kukoroma asubuhi kwa baridi ya Njombe na ule umande wenu, kama kunaisha baada ya kushika breki mara tatu au nne, ni kutu nyepesi ya usiku ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki shuu. Hiyo iache. Kukiendelea mchana, fungua dramu. Usipulize vumbi kwa upepo wala kwa mdomo. Lioshe kwa maji, kwa sababu breki shuu kuukuu huweza kuwa na asbesto na vumbi lake si la kuvutwa. Angalia kama dramu imejitengenezea ukingo mdomoni ambao shuu mpya inagonga. Ukingo huo hukerezwa. Kipenyo cha ndani nacho kina kikomo kilichoandikwa. Kisha nusa. Ukisikia harufu ya oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na shuu zina weusi wa mafuta, sili ya ekseli inavuja. Kabla ya kubadilisha sili, kagua kipumulio kilicho juu ya difu. Kikizibwa na tope, hewa iliyopata moto hutafuta njia na kusukuma oili nje, na sili mpya itavuja vilevile. Shuu zilizonywa oili hazioshwi, ni za kutupa, jozi zote za ekseli hiyo.

Kwenye Hilux kuna ugonjwa mmoja wa handibreki. Nyuma ya sahani ya dramu, nje kabisa kwenye tope, kuna mkono mdogo wa chuma unaovutwa na kebo. Huganda. Ukiganda, shuu hazirudi zote na dramu inapata moto. Tena kwenye gari hili shuu hujirekebisha zenyewe unapovuta handibreki, kwa hiyo asiyeitumia kabisa huwa na pedali ya kushuka chini bila kujua sababu. Mkono huo uulegeze, uusafishe, uupake grisi, kisha vuta na kuachia handibreki mara nyingi mpaka usisikie tena mlio wa "tik" ndani ya dramu.

Ile "ko!" ya kurudi rivasi imebaki. Ikitokea mara moja tu kila unapogeuza mwelekeo, pedi zinasogea mbele na nyuma ndani ya kalipa kwa sababu springi ya waya haipo au imefungwa kinyume. Hivyo seti ileile ya vibati na springi inaweza kutibu mluzi na "ko!" kwa pamoja, na ndiyo sababu nimekuzuia kununua diski. Ila jaribu hivi: rudi rivasi taratibu, simamisha kwa handibreki peke yake. Ikigonga bado, mbele haihusiki. Fungua dramu uangalie springi za shuu, kisha kros za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na yu-bolti za springi za nyuma.

Fundi akitaka kuvua diski kabisa, kumbuka kwenye hilo gari lazima afungue habu na beringi. Akizikaza vibaya, utapata mvumo mpya unaobadilika ukikata kona, na utarudi kuniuliza kuhusu breki ambazo hazina kosa.

Gari likianza kuvuta upande mmoja, pedali ikishuka, gurudumu moja likitoa moshi au harufu ya kuungua, usipakie. Kwa Hilux yenye gunia za viazi nyuma, huko kwenu kuna miteremko ya kutosha hata kabla hujafikiria mteremko wa Kitonga.

Anza na tairi la mbele la kulia. Vua, chungulia nyuma ya pedi, na kama hakuna vibati nitumie ujumbe tena pamoja na unene wa diski uliousoma kwenye venia.