Muulize Fundi wa Visima: "Chai yangu ina chumvi hata niweke sukari vipi"

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Kigamboni, kama mita mia nne kutoka baharini. Mwaka 2017 mume wangu alichimbisha kisima cha mita 45. Maji yalikuwa matamu mpaka watu wa mtaa wa pili wakawa wanakuja na madumu yao. Tukaweka simtanki la lita 5,000, tukawa tunauza ndoo shilingi 100. Ule mgao wa maji wa 2022, mto Ruvu ulipopungua, ndipo tulipouza haswa, pampu ilikuwa hailali. Tangu mwaka jana sabuni haitoi povu, bomba la kuogea limeota ukoko mweupe, na chai hata niweke sukari vipi nasikia chumvi. Wateja wamehama. Fundi tuliyemwita anasema tuongeze mita 30 tutakuta maji baridi yenyewe. Anataka milioni tatu na nusu. Tumpe?
*Mama Wawili, Kigamboni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe.

Sisemi ni tapeli. Labda amejifunzia kazi bara, kwenye miamba, ambako maji yakipungua unashuka kuyafuata. Huo ufundi ukiuleta ufukweni bila kuubadilisha unamharibia mtu. Nakwambia hivyo kwa sababu na mimi niliwahi kumharibia mtu namna hiyo, miaka ya themanini, kisima cha kwanza nilichosimamia peke yangu. Niliongeza mita 20 na nikamtolea mzee wa watu maji ya bahari safi kabisa. Hakunilipa, na sikumdai.

Wewe ni mpishi, basi chukua tui. Likitulia bakulini, zito hukaa juu na maji chini. Ukiteka kwa upawa taratibu unapata zito tupu. Ukizamisha upawa kwa pupa, maji ya chini yanapanda. Chini ya nyumba yako hali ni hiyohiyo. Mvua iliyoingia mchangani imekaa juu, na bahari imeingia kwa chini, kwa sababu maji ya chumvi yana uzito zaidi kwenye mizani. Lita ya maji baridi ina gramu 1,000, na lita ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Gawanya 1,000 kwa hiyo tofauti ya 25, unapata 40. Mholanzi mmoja, Badon Ghyben, na Mjerumani, Herzberg, waliipata hesabu hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kila mtu kivyake. Maji baridi yakisimama mita moja juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yana unene wa kama mita 40. Yakishuka nusu mita tu kwa kuvutwa kila siku, ule unene unaelekea kwenye mita 20.

Rudia hapo, maana ndipo kesi yako ilipo. Nusu mita juu, mita ishirini chini.

Tuseme kiwanja chenu kiko mita 10 juu ya bahari. Kisima cha mita 45 maana yake kitako chake kiko mita 35 chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2017 hapo palikuwa pazuri: kama maji baridi yalisimama ile mita moja juu ya bahari, mlikuwa na akiba ya mita tano hivi (40 toa 35) kabla ya chumvi. Pampu isiyolala, na pampu za majirani ambao nao waliona biashara inalipa, zikashusha maji. Bahari ikapanda. Sio mstari mmoja kama wa rula, kuna sehemu maji yanachanganyika, ndiyo maana ilianza sabuni, ikafuata bomba, chai ikaja mwisho. Sasa mtu anataka kukupeleka mita 30 zaidi. Atakupeleka wapi, kama si baharini?

Kuna watu watakwambia Kigamboni hiyohiyo, upande wa Kimbiji, serikali imechimba visima virefu na maji ni baridi. Kweli. Lakini hivyo vimeshuka mamia ya mita, vimefika kwenye matabaka mengine kabisa ya mchanga. Mita 75 haikufikishi huko.

Ukitaka kuona inavyohitajika chumvi kidogo, chukua chupa ya soda, ile ndogo, ijaze maji ya bahari, uimwage kwenye ndoo ya lita 20 ya maji mazuri. Koroga, onja. Chupa moja tu na ndoo nzima imeharibika.

Cha kufanya. Acha kuuza, najua inauma. Mwambie fundi huyohuyo, kwa hela ndogo, aipandishe pampu ikae karibu na juu ya maji badala ya kitakoni, na aweke mota ndogo zaidi. Ivute kidogo asubuhi, kidogo jioni, na katikati ikae kimya. Kabla ya kuwasha asubuhi onja, ukimaliza kuvuta onja tena, andika kwenye daftari. Masika mawili yakipita utajua kama kinarudi. Vingine vinarudi, vingine havirudi, na vinavyorudi vinachukua muda mrefu kuliko vilivyochukua kuharibika. Majirani je? Waite. Ukuta wako wa tofali umeishia msingini, huko chini hakuna ukuta, mnateka bakuli moja. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya ardhini kwa eneo lenu. Kama kisima chenu hakina kibali, kipateni, na mwende kama mtaa.

Na bati lako linakaa bure. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 ni kama lita 100,000, toa zinazopotea, zibaki 80,000. Simtanki unalo tayari.

SWALI: Mwalimu wetu wa jiografia anasema maji hayaishi, yanazunguka tu: bahari, mawingu, mvua, mto, bahari. Lakini nasikia maji ya ardhini yanakwisha duniani. Nani mkweli?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga*

JIBU: Mwalimu wako, usiende kumbishia. Ila mwulize swali moja: yanarudi palepale, na kwa mwendo gani?

Makutupora, karibu na Dodoma, ndiko mji unakopata sehemu kubwa ya maji yake, na vipimo vya kina cha maji vimewekwa huko kwa zaidi ya miaka 50. Ukiangalia mchoro wake, maji yanashuka, yanashuka, miaka inapita, mvua inanyesha na bado yanashuka. Halafu inakuja mvua ya ajabu kama ile ya El Niño ya 1997/98 na yanaruka juu. Mvua ya kawaida inaishia kwenye majani na jua. Kwa hiyo Dodoma mzunguko wa mwalimu upo, lakini gari linapita mara chache.

Kwingine gari halipiti kabisa. Saudi Arabia ilivuta maji yaliyoingia ardhini maelfu ya miaka iliyopita, jangwa lilipokuwa na mvua, ikalima ngano mpaka ikauza nje. Mwaka 2016 serikali ikaacha kununua ngano ya wakulima wake. Kaskazini-magharibi mwa India nako ni hivyo. Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti mbili zilizokuwa zikifukuzana angani na kupima mvutano wa dunia, kwa jina GRACE. Ardhi ikipoteza maji inapungua uzito, na setilaiti zilisikia. Mpaka mwaka 2008 zilikuwa zimesikia Punjab, Haryana na Rajasthan zimepoteza kilomita za ujazo 109 za maji. Kilomita moja ya ujazo ni tangi lenye urefu, upana na kina cha kilomita moja kila upande.

Mimi niliyaona Oman. Nilikaa Barka, mji wa pwani, miaka minne, miaka ya tisini, kwa shemeji yangu, mtu wa Unguja aliyehamia huko baada ya Mapinduzi. Ukienda milimani, Nizwa, unakuta falaji, mfereji wa kale unaoleta maji ya chini ya mlima kwa mteremko tu, bila mashine. Kila shamba lina zamu yake ya muda, na zamani waliipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Falaji haiwezi kukupa zaidi ya ulichotoa mlima. Mwaka wa ukame inapungua, na wote mnapungukiwa pamoja. Aflaji (ndiyo falaji zikiwa nyingi) tano ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na kama elfu tatu bado zinatiririka.

Ukishuka pwani ya Batinah, ilipo Barka, ambako kulikuwa na pampu, ilikuwa habari nyingine. Shemeji alikuwa na ndimu. Alinionesha safu ya kwanza kuelekea bahari, majani yameungua ncha kama yamepitishwa motoni. Mwaka uliofuata ikawa safu ya tatu. Akang'oa ndimu akapanda mitende, maana mtende unavumilia chumvi. Nilipoondoka mitende ya mbele nayo ilikuwa imeanza kudhoofu, na kwa jirani yake shamba zima lilikuwa limeachwa, pampu imebaki inaota kutu. Serikali ilikwishaanza kujenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ya wadi, yale mabonde ya mito mikavu, ili maji yatulie, tope lishuke, kisha yaachiwe polepole yanywewe na ardhi. La Al Khawd lilikamilika mwaka 1985. Ni kazi nzuri, nimelitembelea. Lakini pampu zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo mwambie mwalimu: maji ya shemeji hayakutoweka duniani. Yalikwenda kwenye ndimu, yakapanda angani, labda yalinyesha Bombay. Yeye alibaki na chumvi.

SWALI: Kuna mzee huku kwetu anatafuta maji kwa kijiti cha mpera, kikipinda chini ndipo pa kuchimba. Je, anaaminika?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Kwenye mchanga wa Bagamoyo hata mimi nikirusha kofia, inapoangukia utakuta maji. Mwulize kama kijiti chake kinaonja.